Flashi ya Kinanda cha Baba

Juzi alikuja kijana wa kwaya kwenye kibanda cha kutengeneza redio na simu ninaposhikiza siku zangu hapa Tandahimba. Alikuwa anatafuta flashi ya kinanda, na alitaka kubwa kuliko zote tulizonazo. Nikamuuliza kinanda chenyewe kikoje. Akasema ni cha zamani kidogo, walikipata kwa mtu aliyekuwa anahama Mtwara, kina tundu la flashi kwa nyuma, lakini kila wanachochomeka kinakataa. Nikamwambia aachane na kubwa, atafute ndogo kuliko zote, hata kama imekwisha kutumika. Akiipata aifomati kwenye kinanda chenyewe, asiipitishe kwanza kwenye kompyuta, na asiichomoe wakati taa bado inapepesa.

Akacheka. "Dada, watu wote wanakimbilia kubwa, wewe unanirudisha nyuma."

Nikamwambia kinanda cha zamani ni kama bibi aliyezoea kuchota maji kwenye kisima cha uani. Mpeleke ziwani, atasimama na ndoo yake asijue aanzie wapi. Hapo akaelewa, maana ukizungumza habari za maji na mtu wa huku juu, ambako maji hufuatwa mabondeni, huhitaji kumfafanulia. Akataka kujua nimesomea wapi mambo haya. Nikamjibu kwamba shule niliiacha darasa la sita. Alipoondoka nikabaki nimeshika flashi yetu kubwa aliyoiacha mezani. Ilikuwa imekaa juani tangu asubuhi, inatoa ile harufu ya plastiki iliyopata moto, na harufu hiyo ikanichukua mpaka Masasi, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mwaka aliokufa Baba.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka vitu vilivyokuwa vikitufikia miaka ile baada ya soko huria kuingia. Maduka ambayo wazazi wetu waliyajua kwa chumvi, mafuta ya taa na khanga za mgawo yakaanza kutundika mbele miavuli, saa za plastiki, wanasesere wenye nywele za manjano. Vikaja vitu vilivyotumika nchi za watu, vikapangwa chini kwenye turubai, na mtu ungeweza kuinama ukakuta friji karibu na kiatu kimoja. Ni kwenye turubai la namna hiyo, baada ya msimu mmoja wa korosho uliokwenda vizuri, Baba alikiona kinanda. Alikileta nyumbani amekifunika kwa gunia la korosho, anatembea polepole kama mtu aliyebeba mgonjwa, na watu wa mtaani wakamfuata wakidhani ni mgonjwa kweli.

Baba alikuwa mkulima. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ya mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua ngozi na hayatoki kwa sabuni yoyote, na madoa hayo yakahamia taratibu kwenye vibonye vyeupe vya kinanda. Muziki alijifunza kanisani, kwenye harmoniamu ya zamani ya kupulizia kwa miguu, kwa hiyo hata kwenye kinanda kipya miguu yake ilikuwa inakanyaga chini, inakanyaga hewa tu. Jumapili aliipigia kwaya. Jumamosi alipiga kwenye harusi, za Wakristo na za Waislamu, na mama wa bibi harusi akimwomba apunguze sauti, alipunguza. Sikumbuki kumwona mtu amekasirishwa naye.

Siku ambazo hakuwa na kazi alikaa na kinanda chumba cha mbele, akabonyeza kitufe chekundu, akapiga. Akimaliza alibonyeza kitufe kingine, akaja kukaa na mimi kwenye mkeka, na kinanda kikaanza kupiga peke yake yote aliyokuwa amepiga. Vibonye havikucheza. Nilikuwa nikisogea na kuviangalia kwa karibu, naona madoa yake ya korosho yametulia palepale, huku wimbo unaendelea. Nikamuuliza sauti imeingia saa ngapi mle ndani.

"Siyo sauti," akasema. "Sauti ni yake chenyewe. Kilichokumbuka ni vidole vyangu, wapi nilibonyeza na kwa nguvu gani."

Yeye alikuwa anaeleza jambo la kweli kabisa, kama nilivyokuja kulijua baadaye. Lakini mtoto huchukua neno kama lilivyotupwa. Mimi nilielewa kwamba ndani ya lile boksi jeusi kuna vidole vya Baba, vingine, na kwamba siku Baba akisafiri vile vitabaki.

Kulikuwa na jambo jingine nililolielewa hivyo hivyo, nusu. Umeme wa Masasi wakati huo ulikuwa wa mashine, unakuja na kukatika unavyotaka, kwa hiyo kinanda kilikuwa na betri tumboni, zile kubwa za redio na tochi. Baba hakubadilisha betri wakati umeme haupo. Alisubiri umeme uje, akachomeka waya ukutani, akahakikisha kitaa kimewaka, ndipo akakigeuza na kutoa betri za zamani. Mama alikuwa akimtania kwamba anakivisha kinanda nepi. Mimi nilidhani anafanya hivyo kwa sababu kinanda kinaogopa giza. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza jambo ambalo hakuulizwa.

Aliugua masika, wakati njia za mashambani zimegeuka tope. Ilianza kama homa, ikawa kifua, ikawa kwenda hospitali na kurudi, mwishoni ikawa kurudi tu. Kitanda chake kilihamishiwa chumba cha mbele ili apate hewa ya dirishani na aone kinanda. Binamu yangu Dismas, mtoto wa dada yake Baba, alishuka kutoka Newala kuja kumsaidia Mama kumgeuza na kumwogesha. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayecheka kwa pua. Likizo zake nyingi za shule alizimalizia kwetu akijifunza kinanda, na Baba alimwita mjomba kama yeye alivyomwita Baba mjomba.

Inabidi nieleze hapa kwa wasiotoka kwetu. Kwa Wamakonde, na kwa Wamakua na Wayao pia, mtoto ni wa upande wa mama. Mtu akifa, vitu vyake havibaki kwa watoto wake. Vinakwenda kwa watoto wa dada yake. Siku hizi wengi wameacha au wanafuata nusu, lakini nyumbani kwetu haikuwa jambo la kubishaniwa. Kila mtu aliyekuwa anaingia chumba kile alijua kwamba baada ya arobaini kinanda kitapanda gari kwenda Newala na Dismas. Baba alijua kuliko wote. Siku moja alituita, mimi, Mama na Dismas, akazungumza akiwa ameegemea ukuta.

"Mjomba, kinanda ni chako. Hilo halina maneno. Lakini nyimbo zilizomo humo nimempigia huyu mwanangu Sijaona. Zitoe kwanza, umwachie."

Dismas akasema, "Zitatoka, mjomba."

Kutoka kulihitaji flashi. Mama alikwenda dukani, akarudi na moja inayong'aa kama shaba, mpya, na maneno ya muuzaji kwamba inabeba nyimbo zote za Masasi na nafasi inabaki. Baba akatabasamu akasema zake hazijai hata kifuniko chake. Dismas akaichomeka. Kioo cha kinanda kikafikiri kidogo, kikaandika maneno ya kukataa. Wakairudisha, wakapewa nyingine, ikakataliwa. Wakaazima ya mwalimu wa jirani, ambayo ilikuwa na programu yake ndani inayotaka kufunguka kwanza. Kinanda hata hakikuiona. Baba, ambaye kusema kulikuwa kumeanza kumchosha, alieleza kwamba aliyemuuzia alimwonya: kinanda hiki kinataka flashi ndogo, za mwanzo mwanzo, na hizo madukani zimekwisha kwa sababu kila mwezi wanaleta kubwa zaidi.

Kila flashi iliyokataliwa, nyuso za wakubwa zilianguka. Mimi nilifurahi, nikaficha furaha yangu. Niliona kwamba kinanda kinakataa kuachia vidole, na kama vidole havitoki basi na Baba hatoki. Nilikuwa nasimama mlangoni nikikiombea kiendelee kukataa.

Alikufa kabla haijapatikana.

Shangazi Veronika, mama yake Dismas, alifika siku ileile kwa gari la mizigo, vumbi jekundu la Newala likiwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Ndiye aliyemwosha kaka yake pamoja na wazee, ndiye aliyejua nani alale wapi na sufuria zipi ziazimwe kwa nani. Aliwapikia waombolezaji ugali wa muhogo na mbaazi, hakuonekana akila. Mama alikalishwa kwenye mkeka chumba cha ndani, na kwa kuwa ni mjane hakutakiwa kutoka nje ya uwanja mpaka arobaini. Nyumba ikatulizwa. Kwetu nyumba ya msiba haina muziki. Redio haisikiki, watoto hawaimbi wakitwanga. Nakumbuka ukimya ule ulivyokuwa na uzito wake, kama nguo iliyolowa. Kinanda kilisimamishwa nyuma ya mlango kikiwa kimefunikwa kwa khanga ya Mama, na nikipita karibu nilikuwa naweka kiganja changu juu ya khanga kidogo, kisha naondoka.

Baada ya mazishi watu walipopungua, Dismas alimwomba Mama ruhusa aende na mimi Newala. Alikuwa amesikia kuna dada mwenye steshenari pale mjini, anachapa barua na mitihani ya shule, ambaye alikuwa na flashi tangu flashi zilipoanza. Mama aliuliza kwa nini mtoto aende. Dismas akajibu kwamba nyimbo ni za mtoto, na mwenye mali huwa anakwenda kuitafuta mali yake. Nilikuwa sijawahi kuitwa mwenye mali. Nilikubali kwenda kwa sababu hiyo, japo moyoni bado sikutaka ipatikane.

Tulipanda juu ya magunia ya chumvi. Masasi na milima yake ya mawe ikabaki chini yetu, barabara ikaanza kupinda na kupanda, na tulipofika juu hewa ikabadilika, baridi ikapita ndani ya gauni langu. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, na wanawake wakitokea ndani yake na ndoo kichwani, wakirudi kutoka mabondeni walikochota maji. Njiani Dismas alinieleza jambo ambalo nadhani alikuwa analipanga tangu Masasi. Alisema flashi haichukui kitu na kukiacha mahali patupu. Inanakili. Nyimbo zitabaki kwenye kinanda na zitakuwa pia kwenye flashi, kama mtu anavyofundisha wimbo bila yeye mwenyewe kuusahau.

"Kwa hiyo vitakuwa vidole viwili viwili?" nikamuuliza.

Alinishika bega gari likivuka korongo moja. Kisha akasema ndiyo, inaweza kusemwa hivyo.

Kuanzia hapo nilitaka ipatikane kwa nguvu zangu zote.

Dada wa steshenari aliitwa Mwanahamisi. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yenye kisogo kikubwa, amejifunga shuka kwa baridi. Dismas alimwamkia, akaeleza anachotafuta. Dada yule akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe Mmakonde, na urefu huo wote, unatafuta kidogo?"

"Wayao wamechukua vikubwa vyote, dada," Dismas akajibu. "Sisi mmetuachia masalia."

"Na hata masalia utaniomba kwa adabu," akasema, na wote wawili wakacheka, kama watani wanavyocheka. Ndipo aliponiona mimi na kitambaa cheusi nilichoshonewa begani. Akauliza ni msiba wa nani. Dismas alipomweleza, aliacha utani, akavuta droo na kuichakura. Akatoa flashi ya buluu, fupi na nene, kifuniko kimepasuka, imefungwa kamba ya viatu. Ndani yake kulikuwa na kazi zake za zamani. Akasema tukae, azihamishe, na kwa kuwa umeme ulikatika tukiwa hapo, tulikaa kweli. Alitununulia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu kusini, tukala tukiwa tumeelekea barabara, mimi nikimenya na kutupa maganda kwa kuku. Umeme uliporudi alihamisha kila kitu chake, akanikabidhi flashi mikononi mwangu mimi, siyo mikononi mwa Dismas. Akakataa kulipwa. Aliniambia nisiifungue kifuniko mpaka nifike.

Sikuifungua. Nilirudi nayo Masasi nimeifunga kwenye pindo la gauni, na siku zote zilizobaki niliisikia ikinigonga pajani nikitembea.

Arobaini ilipofika walikuja watu wa kanisani na majirani, wakala, wakasali. Mama alitolewa nje, akanyolewa, akavishwa nguo nyingine. Nguo za Baba ziligawiwa kwa ndugu zake. Mchana, wageni wengi walipokuwa wameondoka, Shangazi alisema sasa nyumba inaweza kupumua. Akatoa fundo la kitambaa chini ya kitanda, akalifungua, akaanza kurudisha betri kwenye redio, moja moja, kwa uangalifu. Alipomaliza ya redio akakivuta kinanda kutoka nyuma ya mlango, akakilaza kifudifudi kwenye mkeka, akarudisha na zake pia. Alikuwa anafanya kazi hiyo kama mtu anayevalisha mtoto asubuhi ya Pasaka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni na flashi yangu.

Dismas akakiwasha. Akachomeka flashi. Kioo kikafikiri, kikafikiri, halafu kikakubali. Nilimwona Mama akifumba macho. Dismas akacheka kwa pua, akanivuta karibu ili mimi ndiye nichague wimbo wa kwanza. Akanionyesha kitufe. Nikabonyeza.

Hakikupiga kitu. Nikabonyeza tena. Dismas akasogeza wimbo wa pili, wa tatu, akaenda mpaka mwisho akarudi. Kisha akabonyeza kibonye kimoja, kwa kidole kimoja, kikatoka mlio wa piano ya kawaida, ule wa siku ya kwanza kabisa. Baba alikuwa ameacha kinanda kwenye mlio wa filimbi laini alioupenda yeye. Dismas akakaa juu ya visigino vyake.

"Mama," akamwambia Shangazi, "betri za hiki ulizitoa lini?"

"Siku ile niliyofika. Za redio na za hicho." Alisema bila wasiwasi, kama anayejibu kuhusu chumvi kwenye mboga. "Nyumba ya msiba. Mtoto angeweza kukiwasha kwa kusahau."

Dismas akamweleza. Alieleza kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kimakonde, polepole, kwamba kinanda hiki hushika kumbukumbu zake kwa nguvu ya betri au ya umeme, na vyote viwili vikikosekana kinasahau. Hapo nikaelewa kwa nini Baba alikuwa anasubiri umeme. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akatazama kitambaa kilichokuwa na betri, kikiwa kitupu mkononi mwake.

"Lakini si nimezirudisha?" akasema. "Ni zilezile. Sikubadilisha hata moja."

Alirudia tena kwamba ni zilezile, kwa sauti ya chini, akiwa anamtazama Mama, na ndipo nilipoona uso wake ukielewa. Sijui niuelezee vipi. Alikuwa amekesha siku zile zote bila kulia mbele ya watu, na hata hapo hakulia. Alianza tu kukunja kile kitambaa, akakikunja mpaka kikawa hakikunjiki tena.

Mama ndiye aliyezungumza. "Wifi, ulifanya yanayofanywa. Hata mimi ningezitoa."

Dismas hakutaka iishie pale. Alikivuta kinanda, akatafuta ule mlio wa filimbi, akaanza kupiga mmoja wa nyimbo za Baba aliokuwa ameushika kwa kichwa. Alipiga vizuri, bila kosa. Mama alisikiliza, akainua kidole.

"Hapo alikuwa anachelewa."

Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara zisizo na idadi na sikuwahi kujua kwamba Baba alikuwa anachelewa mahali. Dismas akarudia, akachelewa. Mama akatikisa kichwa, akasema siyo hivyo. Akarudia tena.

"Sasa umechelewa makusudi," Mama akasema. "Yeye alikuwa hajui."

Dismas aliweka mikono magotini. Mama akamwambia aache, apige zake, kinanda ni chake na Mungu ambariki nacho. Kisha akanigeukia na kuniomba nimpe binamu yangu na ile flashi, maana huko anakokwenda ndiko kutakuwa na nyimbo za kutia. Niliichomoa taa ikiwa imetulia, nikampa. Alikataa, Mama akasisitiza, akaichukua.

Kesho yake kinanda kilipanda gari kikiwa ndani ya gunia, na Shangazi alipanda nacho. Nilimsindikiza kwa macho tu, sikumwambia kwaheri. Kwa akili yangu ya wakati ule mambo yalikuwa wazi kabisa: alizitoa betri ili kinanda kifike safi kwa mtoto wake, bila vidole vya mtu mwingine ndani. Nilimsikia akisema alikuwa hajui, na sikuamini. Nilibeba imani hiyo miaka mingi. Wakituma salamu kutoka Newala nilitoka nje ya chumba. Shule ilianza kunichosha kwa sababu kila mwalimu niliyemuuliza kitu kinapofutwa huwa kinakwenda wapi aliniambia nirudi kwenye somo. Kwa hiyo niliondoka, nikaanza kuzunguka. Nimepanga magunia maghalani, nimeuza kanda Nanganga, nimeshika taa kwenye mabanda ya video, na kila mahali palipokuwa na fundi wa redio nilisogea nikachungulia anachofungua. Fundi mmoja mzee ndiye hatimaye alinionyesha, kwenye ubao wa kinanda kilichokufa, kijidude cheusi kidogo kuliko punje ya mbaazi, akasema kumbukumbu zilikuwa zinakaa hapa, zinalishwa na betri kama mtoto tumboni, ukikata tu zimekwisha. Nikamuuliza kama mtu wa kawaida angeweza kujua. Akasema hata yeye, kabla hajaharibu vya watu wawili watatu, hakujua.

Sikurudi Newala kwa ajili ya jibu hilo. Nilijiambia nitakwenda, nikawa siendi, mpaka Mama aliponitumia habari kwamba mume wa Shangazi Veronika amefariki na mimi ndiye niliye karibu.

Nilifika kwake Makote, huko huko Newala, mchana. Wanaume walikuwa wamekaa nje, na kabla sijavua viatu niliona kwamba kuna manung'uniko. Mzee mmoja alikuwa anasema hajawahi kuona msiba wa namna hii. Mwingine alisema mwacheni, ni uchungu. Nikasikia wanachokizungumzia: ndani ya nyumba redio ilikuwa inasema. Ilikuwa chini sana, lakini ilikuwa inasema, na ilipofika zamu ya muziki ikapiga muziki. Dismas, ambaye sasa ana ndevu, alinipokea mzigo wangu, akaniambia kwa kunong'ona kwamba wamejaribu. Wameongea naye wazee, ameongea naye katekista. Hataki mtu aiguse wala kutoa betri.

Niliingia. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mjane, amepungua, nywele zimekuwa nyeupe, miguu imenyooka mbele. Redio ya marehemu ilikuwa pajani mwake imelala kifudifudi, na kiganja chake kilikuwa kimekandamiza kifuniko cha betri. Wanawake waliokuwa naye walinitazama kama wanaoniomba nifanye kitu.

"Shikamoo, Shangazi."

Alinitambua kwa sauti kwanza, halafu kwa macho. "Marahaba, Sijaona." Mkono wake mwingine ukapapasa mkeka, ukanionyesha mahali pa kukaa, pale ubavuni kwake.

"Njoo unipokee, mwanangu," akasema. "Bonyeza hapa, usiachie. Mkono wangu umechoka."